Toka Kisha Uingie Upya

Pale hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wauguzi, wafagizi, hata mlinzi wa getini ambaye hakumbuki chochote isipokuwa saa ya kula, wote walimwita Mama Mitambo, na jina likamkaa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini, na alivaa sweta ndani ya jengo wakati watu wengine wanajipepea kwa magazeti. Chumba chake cha kazi kilikuwa na baridi ya kutafuna mifupa. Mitambo haipendi joto, na yeye alikuwa ameshazoea kuishi kama mitambo inavyotaka.

Msidhani alizaliwa anajua. Aliajiriwa kupiga chapa mapokezi. Zama zile kompyuta ikikwama aliitwa fundi kutoka mjini, na fundi huyo alikuwa hodari wa kuja kesho. Siku akija, huyu mama anahamia begani kwake. Fundi akifungua kasha, naye anachungulia. Fundi akiandika amri kwenye kioo cheusi, naye anaitia kichwani. Kidogo kidogo watu wakaacha kumpigia fundi simu, wakawa wanakwenda mapokezi: "Mama, hebu njoo ututazamie hii." Mwisho akahamishiwa chumba cha mitambo, na mkuu wa chumba alipostaafu akaambiwa ashike nafasi kama kaimu wakati anatafutwa mkuu mwenyewe.

Kaimu. Neno hilo mlisikie vizuri, maana ndilo lililomla. Kazi alifanya ya mkuu na lawama alipata za mkuu, lakini mlangoni hapakuandikwa kitu, na kwenye vikao alikaa kiti cha karibu na mlango ili atoke upesi akihitajika. Miaka ikaenda. Mkuu hakutafutwa, na yeye hakuthibitishwa. Ungemuuliza anataka nini katika dunia hii, asingekutajia gari wala ghorofa. Alitaka mlangoni paandikwe kwamba huyu ndiye mkuu wa chumba cha mitambo, basi.

Ndipo ikaja kazi ya mashine pepe. Hospitali ile ilikuwa na seva za zamani, kompyuta za kutunzia kumbukumbu, kila idara na yake: maabara, duka la dawa, masjala, wodi ya wazazi. Zilikuwa zimechoka, zinakufa moja baada ya nyingine, na kila ikifa moja wagonjwa wanapanga foleni hadi barabarani. Hospitali ikanunua seva moja kubwa, na ikaamuliwa zile zote zihamishiwe ndani yake. Mkurugenzi hakuelewa inawezekanaje, Mama Mitambo akamfafanulia hivi: badala ya kumjengea kila mpangaji nyumba yake, unajenga nyumba moja kubwa yenye vyumba, kila mpangaji anafunga mlango wake na anaamini yuko peke yake. Hao wapangaji ndio mashine pepe.

"Ukizihamisha zote salama," mkurugenzi akasema, "bila mgonjwa hata mmoja kukwama, kiti ni chako. Sitaki tena kusikia habari ya kaimu."

Siku hiyo alirudi nyumbani anatembea kama ana miaka ishirini. Alimwambia mumewe, muuza vipuri vya magari, naye akasema hongera mke wangu, umesota vya kutosha. Alimwambia na wifi yake.

Sasa nije kwa huyo wifi, na hapa mnivumilie, maana nikimtaja damu inanichemka. Alikuwa dada wa mumewe, kitinda mimba wa nyumba yao. Alikuwa na cheti cha chuo kikubwa, na kazi hana. Alikaa sebuleni kwa kaka yake akibofya simu asubuhi hadi jioni, na mtu wa kwanza kumhurumia hakuwa kaka yake, alikuwa Mama Mitambo. Ndiye aliyekwenda kwa mkurugenzi kumwombea. Ndiye aliyesema, huyu namdhamini mimi, akiharibu niulizeni mimi. Akapata kazi, chumba kilekile, meza inayotazamana na ya wifi yake. Wakawa chanda na pete. Watu wa pale kwa utani, mtandao ukikatika tu, wanapita mlangoni wanauliza, "Mama, wifi yako leo yuko wapi?"

Alimfundisha kila kitu. Kuna mafundi wanaokupa mgongo wanapoandika amri, wewe uone mabega tu. Huyu hakuwa hivyo. Alimsogezea kiti, akamwachia kibodi, akawa anasema polepole huku mwenzake anaandika. Cheti kilikuwa kimemfundisha binti yule maneno makubwa, lakini mikono ilikuwa bado. Kila amri mpya anasema, "Wifi, mimi hii siiwezi." Naye anamjibu, "Utaiweza. Andika."

Katika mafunzo hayo kuna mawili nataka myashike. Katika mfumo wa Linux, mtu hawezi kugusa mashine pepe mpaka awe ametiwa kwenye kundi la wasimamizi wake. La kwanza: ukitaka kumtia mtu kundini, lazima amri yako iseme wazi kwamba unamwongeza. Ukisahau kusema ongeza, seva inadhani unampa makundi mapya, inamwingiza katika hilo moja na kumfukuza katika mengine yote aliyokuwamo. Ni kosa la kila anayeanza. Wifi alilifanya wiki yake ya kwanza, akitaka kumwezesha mfamasia atumie printa. Mfamasia akashinda asubuhi nzima anaweza kuchapa karatasi tu, dawa zake hata moja haioni. Alipanda ngazi anatweta kuja kushtaki. Walicheka wote, yeye mfamasia akacheka mwishoni.

La pili: ukishamtia mtu kundini, hapati ruhusa papo hapo. Seva inakuuliza wewe ni wa makundi gani mara moja tu, pale mlangoni unapoingia. Ukishakuwa ndani haikuulizi tena. Kwa hiyo kila aliyeongezwa lazima atoke, kisha aingie upya. Watu husahau, wanapiga simu wamenuna: "Mama, bado inanikatalia." Jibu lilikuwa moja. "Toka kisha uingie upya." Ikawa ndiyo kauli ya chumba kile. Hata nyumbani, mumewe akilalamika chai haina sukari, wale wawili wanatazamana na kumwambia kwa pamoja atoke kisha aingie upya, na mzee wa vipuri anabaki anashangaa wanacheka nini.

Basi kazi ya kuhamisha ikaanza, na ilikuwa imefika njiani mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao, alipoteleza bafuni akavunjika nyonga.

Alipasuliwa, akaruhusiwa kurudi nyumbani, lakini hawezi kujigeuza. Anataka mtu wa kumgeuza, kumwogesha, kumlisha, kumpeleka haja. Familia ikakaa sebuleni kutafuta nani abaki naye. Mume akasema duka litakufa. Wifi akalia, na machozi yalikuwa ya kweli, siwezi kumsingizia. "Wifi yangu," akasema, "mimi nikimwona mama analia kwa maumivu nazimia. Wewe una moyo. Baki nyumbani na mama, kazi nitakushikia. Kwani mimi ni nani yako?"

Mama Mitambo alisita. Kiti kilikuwa kimekaribia kiasi kwamba alikuwa anakiota. Mumewe akamwona anasita, akasema, "Mke wangu, kazi haiendi popote. Mama ni mmoja." Baada ya neno hilo ungesema nini? Akamwendea mkurugenzi, akaomba ruhusa ya kufanya kazi akiwa nyumbani, akakubaliwa. Kabla hajaondoka alimpa wifi mamlaka yote ya seva, kila kundi na kila amri, ili kikitokea kitu asikwame. Alimpa ufunguo wa nyumba nzima na akamwonyesha wapi panavuja.

Nyumbani palikuwa na laptop kuukuu ya mumewe, imejaa vumbi la dukani. Akaifuta, akaiwekea Linux, akaitua juu ya meza ya dawa kando ya kitanda, kati ya chupa za vidonge na beseni. Hapo akaanza kusakinisha vifaa vya kusimamia mashine pepe. Aliiamuru kwanza ihuishe orodha ya programu zinazopatikana, kisha akaomba ile mafundi wanayoiita virt-manager. Laptop ikamtajia na jamaa zake, programu ndogo zote zinazotakiwa kuja nayo, ikauliza ndiyo au hapana. Akaandika ndiyo. Mtandao ulikuwa wa kuvizia, mistari ikawa inashuka, inasimama, inashuka. Alimgeuza mama mkwe, akamsugua mgongo, akarudi akakuta bado inashuka.

"Unaandika nini, mwanangu?" mama mkwe akauliza.

"Naweka programu, mama. Ya kuziona mashine za kazini nikiwa hapahapa."

"Zote?"

"Zote. Naziwasha, nazizima, nazihamisha."

"Nazo zinakuona?"

"Hazinioni, mama."

Bibi akafikiri. "Basi wewe umekuwa mchawi," akasema, "na mimi nimelala chumba kimoja na wewe." Wakacheka mpaka nyonga ikamuuma.

Usakinishaji ulipokwisha akaielekeza programu kwenye seva ya hospitali, kupitia njia iliyofungwa kwa ufunguo, akaandika neno lake la siri, na dirisha likafunguka. Mashine pepe zake zilikuwa zimejipanga pale kwa majina, zilizowaka na zilizolala. Alihisi amerudi chumbani kwake bila baridi.

Tangu siku hiyo akawa na kazi mbili katika chumba kimoja. Alihamisha maabara huku uji unapoa. Alihamisha duka la dawa na mkono mmoja unamshikilia bibi kikombe. Wifi alikuwa upande wa pili wa simu: chomoa waya ule, washa hii, niambie taa ya kijani imekuja? Imekuja. Vikao vya mkurugenzi alihudhuria wifi kwa niaba yake, na kila jioni anampa habari. "Nimewaeleza tulipofika, wifi. Wamefurahi sana." Mama Mitambo aliposikia tulipofika alifurahi pia. Hakuona ubaya wowote katika neno lile, na mimi nisingeuona.

Akawa na tabia moja. Kwa kuwa mtandao ulikuwa wa taabu na kuingia kulikuwa na usumbufu, akishaingia hafungi lile dirisha. Analiacha wazi asubuhi na jioni, akipumzika anaifunika laptop kwa kitambaa isiingie vumbi la poda ya bibi. Wifi aliijua tabia hiyo. Alikuwa akimtania, eti siku ukilifunga utasahau njia ya kurudi.

Ya mwisho ilikuwa wodi ya wazazi, nayo ndiyo iliyokuwa ikimtia hofu, maana watoto hawasubiri mtambo uwake ndipo wazaliwe. Aliihamisha asubuhi moja tulivu. Baada ya muda muuguzi mkuu wa wodi akapiga simu. "Mama Mitambo, hii inafunguka upesi kuliko ile ya zamani. Umefanya nini?" Akasema ahsante, akakata simu, akakaa ukingoni mwa kitanda na kucheka peke yake. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja kidogo: kuiwekea mashine ya wodi alama ya kujiwasha, ili umeme ukikatika na kurudi, iamke yenyewe bila kungoja mtu. Nyingine zote alikuwa ameshaziwekea. Alikuwa ananyoosha mkono kuiweka na hiyo, simu ikaita.

"Hongera, wifi yangu," wifi akasema. "Huku naona muunganisho wako kama umeganda hivi, unatuzuilia vitu. Hebu toka kisha uingie upya."

Alicheka kusikia maneno yake mwenyewe. Akalifunga dirisha. Akalifungua, akaandika neno la siri. Seva ikamkubali mlangoni, lakini mashine pepe hazikuonekana. Palikuwa na mstari mmoja tu kwamba huna ruhusa.

Akatoka, akaingia tena. Huna ruhusa.

Hakushtuka, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Alitabasamu. Alijisemea, huyu binti amerudia kosa lake la mfamasia. Amenitia kwenye kundi fulani, akasahau kusema ongeza, akanifukuza kote. Akaona atamtania kwa hilo mpaka uzeeni. Ili apate ushahidi wa utani wake, akaingia kwa kile kioo cheusi na kuiuliza seva: mimi ni wa makundi gani? Alitegemea kuona moja tu.

Seva ikamtajia makundi yake. Kundi la printa, alikuwamo. Kundi la nakala za akiba, alikuwamo. Hata kundi la zamani la mapokezi, la tangu enzi za kupiga chapa, ambalo yeye mwenyewe alishalisahau, alikuwamo. Yaliyokosekana ni mawili. Moja la wasimamizi wa mashine pepe, na la pili la wenye mamlaka ya amri kubwa, wale wanaoweza kujirudisha wenyewe.

Akasoma tena, kidole juu ya kioo. Kosa halichagui, jamani. Kosa lingemtoa kote, kama lilivyomtoa mfamasia. Hapa kuna mtu alikaa kwenye kiti, akayachambua makundi yake kama anachambua mchele, akatoa mawili na kumwachia makapi. Na aliyekuwa na uwezo huo alikuwa mmoja tu, aliyepewa ufunguo na yeye mwenyewe.

Hapo na lile funzo la pili likamjia. Huwezi kujua alitolewa lini. Dirisha lake lilikuwa wazi muda wote, na aliye ndani haulizwi. Inawezekana ni asubuhi ile, inawezekana ni wiki nzima. Alimwacha ndani amalize wodi ya wazazi kwanza, ndipo akamwambia atoke.

Akampigia wifi. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Akaitupa simu mezani, ikaigonga chupa ya vidonge, vikamwagika sakafuni.

"Mwanangu," mama mkwe akasema kutoka kitandani, "bado unahangaika na hicho kidude? Si ulishaacha kazi?"

Akageuka. "Nani kasema nimeacha kazi, mama?"

"Mume wako. Na huyu binti yangu. Walikaa hapo ulipokaa wewe, siku ile ulipokwenda kuninunulia dawa. Wakaniambia umemwomba mkurugenzi akuache uje unitunze mimi, na kiti chako apewe wifi yako." Macho ya bibi yalikuwa yamejaa machozi. "Nililia, mwanangu. Walinikataza nisikwambie kitu, eti utaona haya. Lakini nakuombea kila asubuhi. Hata niliowazaa hawajanifanyia kama wewe."

Angesema nini? Angemwambia mgonjwa kwamba shukrani zake zote zimejengwa juu ya uongo wa wanawe? Mama Mitambo aliokota vidonge kimoja kimoja. Akamtengenezea mto, akamlisha chakula cha mchana, akamfuta mdomo. Kisha akaenda jikoni, akafungua bomba la maji ili lisikike, akalia. Alilia kwa uchungu wa mtu aliyefanywa mjinga ndani ya nyumba yake, na watu aliokula nao sahani moja. Wifi alimuuma. Lakini wifi ni mtoto wa watu, unaweza kusema tamaa imemponza. Mumewe ndiye aliyemmaliza. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, ila hawakusema kwamba nguo yenyewe umeifua na kuipiga pasi asubuhi hiyohiyo.

Jioni wakarudi pamoja, kaka na dada, mkononi wamebeba mfuko wa matunda. Wifi alikuwa amesuka. Mama Mitambo aliwapokea sebuleni, amesimama, mlango wa chumba cha mgonjwa umeegeshwa.

"Wifi," yule binti akaanza, macho chini, "nilikuwa nataka nikwambie."

"Ulitaka kuniambia lini? Kabla ya wodi ya wazazi, au baada?"

Binti akasema mkurugenzi alitaka mtu mwenye cheti, na mtu anayeonekana kazini, na yeye Mama Mitambo alikuwa haonekani.

"Nilikuwa sionekani kwa sababu nilikuwa wapi?"

"Mke wangu, punguza sauti, mama atasikia," mume akaingilia. Akaweka mfuko mezani, akapangusa mikono. "Hebu litazame kwa utulivu. Kiti hakijatoka nje. Kimebaki nyumbani. Wewe umechoka, na huyu bado kijana, ana safari ndefu. Na mama anahitaji mtu. Tulikaa tukapima, tukaona hivi ndivyo itafaa wote."

"Mlipokaa mkapima, mimi nilikuwa wapi?"

Akakuna kichwa. "Ulikuwa umekwenda kununua dawa," akasema.

"Na mkurugenzi mlimwambia nini?"

"Dada alimwambia umeamua kupumzika. Aliponipigia mimi kuuliza, nikamthibitishia tu. Sikuongeza neno."

Hakuongeza neno. Mwanamume mzima, na hilo ndilo la kujitetea. Mama Mitambo alimtazama kwa muda, akitafuta usoni mwake yule aliyesema umesota vya kutosha. Hakumpata. Akaingia chumbani kwao, akatoa begi chini ya kitanda, akatia nguo zake na lile sweta. Laptop hakuichukua, ilikuwa ya mumewe.

Alipotoka akamwita wifi. "Njoo hapa. Mashine ya wodi ya wazazi haina alama ya kujiwasha. Ulinitoa kabla sijaiweka. Kesho ukifika, kabla hujakaa kwenye hicho kiti, iweke. Umeme ukikatika pale kuna mwanamke anajifungua, na yeye hajanikosea."

"Sawa, wifi."

"Sasa mama. Kumgeuza, unasimama upande huu. Mwambie kwanza, usimshike ghafla. Mto unakaa kati ya magoti. Mkono mmoja begani, mmoja kiunoni, unamleta kwako polepole, humvuti. Akisema subiri, unasubiri. Dawa ya maumivu ni ile ya chupa nyeupe, baada ya kula."

Wifi akaanza kulia. "Wifi, mimi hii siiwezi."

"Utaiweza," Mama Mitambo akasema. Lilikuwa jibu lake la siku zote, ila safari hii hakumsogezea kiti.

Aliingia kwa mgonjwa. Bibi alikuwa amefumba macho. Akamfunika miguu vizuri, akaifunika na laptop kwa kitambaa kama kawaida, akatoka, akabeba begi lake. Mume alimfuata hadi barazani akiuliza anakwenda wapi, mbona anakuza mambo, watu watasemaje. Mama Mitambo alikuwa ameshafika kwenye geti, mkono uko kwenye komeo, aliposikia sauti ya bibi kupitia dirishani. Ni dhahiri wifi alikuwa ameingia kumgeuza.

"Mikono hii siyo," bibi alikuwa anasema. "Mwiteni mwanangu."

"Mama, ni mimi. Ni mimi mwanao."

"Najua wewe ni nani, nimewasikia huko sebuleni. Nimesema mwiteni mwanangu."

Mume akashuka ngazi za baraza mbiombio. "Umesikia? Anakuita wewe. Ingia basi, yaishe."

Mama Mitambo alisimama pale, machozi yanamtoka, na mkono haukutoka kwenye komeo. Alifungua geti.

"Mwambie nimemsikia," akasema, na akalifunga nyuma yake.